Neno la Mkimbizi Mbele ya Jaji: Kiswahili na Mapitio ya Maombi ya Hifadhi Yaliyokataliwa

Utangulizi

Mji wa Kehancha katika Kaunti ya Migori uko karibu na mpaka wa Kenya na Tanzania, mpaka ambao mahali pengi hupita katikati ya mashamba ya mahindi na tumbaku. Ni sehemu ya mstari ulionyooka ambao Waingereza na Wajerumani walikubaliana mwaka 1886, kutoka Kilimanjaro hadi ufuo wa mashariki wa Ziwa Viktoria. Wakuria hawakuulizwa. Koo za Wairege, Wanyabasi na Wakira zina watu upande wa Kenya na zina watu Tarime, upande wa Tanzania. Mtu akiondoka Tarime usiku kwa kuhofia maisha yake, kunapopambazuka aweza kuwa ameketi jikoni kwa shangazi yake, akinywa uji. Kwa mila, mtu huyo amekwisha kupata hifadhi. Kwa sheria bado hajaipata, na pengine hataipata.

Makala haya yanamhusu mtu wa namna hiyo: aliyekimbia kwa sababu ya maoni yake ya kisiasa, akaomba hifadhi, akanyimwa, kisha akawa na haki ya kumwomba jaji aupitie uamuzi uliomnyima. Kwa mtazamo wa kwanza, suala hili ni la wanasheria, wala halina nafasi katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili. La hasha. Ombi la hifadhi ni masimulizi. Aghalabu mwombaji hana hati wala shahidi. Ana maneno yake tu. Jaji naye hasikilizi maneno hayo moja kwa moja, bali husoma yale yaliyoandikwa na afisa, na mara nyingi husoma tafsiri. Hoja ya makala haya ni kwamba haki ya mapitio ya kimahakama ni nusu haki endapo neno la mwombaji halikuhifadhiwa jinsi alivyolitamka, na kwamba wataalamu wa Kiswahili wana wajibu katika jambo hilo ambao hadi leo wamewaachia wengine.

Mpaka uliovukwa kwa pande zote mbili

Yafaa kwanza kukumbuka kwamba hakuna nchi ya Afrika Mashariki inayoweza kujigamba kuwa hutoa hifadhi tu bila kuzalisha wakimbizi. Historia ya fasihi ya Kiswahili yenyewe ni shahidi. Abdilatif Abdalla alifungwa kuanzia mwaka 1969 hadi 1972 kwa ajili ya waraka wake uitwao Kenya: Twendapi?, ulioikosoa serikali ya Jomo Kenyatta. Tungo alizoziandika gerezani zilitoka mwaka 1973 katika diwani ya Sauti ya Dhiki, ambayo mwanafunzi wa ushairi hawezi kudai kwamba haijui. Kinachosahauliwa mara nyingi ni yale yaliyofuata kifungo. Alipofunguliwa aliondoka Kenya, akaenda Dar es Salaam, akafanya kazi katika taasisi ya uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu. Tanzania ilimpokea mtu ambaye kosa lake lilikuwa kuuliza swali.

Miaka kumi baadaye mambo yalikuwa tofauti. Jaribio la kuipindua serikali ya Kenya liliposhindwa tarehe 1 Agosti 1982, Hezekiah Ochuka wa Jeshi la Wanahewa alikimbilia Tanzania kwa ndege. Mwaka 1983 serikali mbili zilibadilishana watu: Ochuka na mwenzake wakarejeshwa Kenya, na Watanzania waliotuhumiwa kupanga kuiangusha serikali ya Julius Nyerere wakarejeshwa kwao. Ochuka alihukumiwa kwa uhaini, akanyongwa mwaka 1987. Mtu aweza kusema kwamba mpinduzi si mtu wa kuhurumiwa, na kweli sheria ya kimataifa ina watu inaowanyima hifadhi kwa uzito wa makosa yao. Hata hivyo, kama Ochuka alikuwa miongoni mwa watu hao au hakuwa, hilo lilikuwa swali la kupimwa kwa ushahidi. Badala yake, uhai wa watu ulitumiwa kulipia uhai wa watu wengine, serikali kwa serikali.

Baada ya mauaji ya Januari 2001 huko Zanzibar, pale polisi walipowafyatulia risasi waandamanaji wa Chama cha Wananchi, watu zaidi ya 2,000, wengi wao kutoka Pemba, walivuka bahari hadi Shimoni katika pwani ya Kenya. Wengine walipelekwa Dadaab. Nchi iliyosifika kwa kuwapokea Warundi, Wanyarwanda na Wakongo ikawa na wakimbizi wake yenyewe. Kisha, Novemba 2020, Godbless Lema, aliyekuwa mbunge wa Arusha Mjini kwa tiketi ya Chadema, aliingia Kenya pamoja na familia yake kupitia Namanga. Polisi walimzuia Kajiado, baadaye wakamwachia, naye akapata hifadhi Kanada hadi aliporejea nyumbani mwaka 2023.

Lema alikuwa na jina. Alipozuiliwa, mawakili walikwenda, wanahabari wakaandika, mashirika yakapiga simu. Kijana wa bodaboda kutoka Tarime, ambako upinzani umekuwa na nguvu kwa miaka mingi, hana jina la namna hiyo. Akizuiliwa karibu na Kehancha, hakuna atakayepiga simu. Baada ya uchaguzi mkuu wa Tanzania wa tarehe 29 Oktoba 2025 na umwagaji damu ulioandamana nao, hakuna mtu wa mpakani anayeweza kuliita suala hili la kinadharia. Kwa mtu asiye na jina, ulinzi uliobaki ni sheria na jaji.

Jaji hupitia nini?

Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 unamtambua kuwa mkimbizi mtu aliye nje ya nchi yake kwa hofu yenye msingi ya kuteswa kwa sababu ya rangi yake, dini yake, utaifa wake, kuwa kwake katika kundi fulani la kijamii, au maoni yake ya kisiasa. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 ukaongeza wale wanaokimbia vita na machafuko. Kenya iliupokea mkataba wa kwanza mwaka 1966, lakini haikuwa na sheria yake mahususi ya wakimbizi hadi mwaka 2006. Sheria hiyo ilifuatwa na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 ambayo ndiyo inayotumika. Chini yake, mwombaji hufika mbele ya Kamishna wa Wakimbizi. Akikataliwa, ana siku 30 za kukata rufaa kwa kamati ya rufaa. Na akikataliwa huko, mlango wa Mahakama Kuu uko wazi. Aidha, Kifungu cha 47 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya kutendewa kwa haki na vyombo vya utawala na kupewa sababu kwa maandishi pale uamuzi unapomdhuru. Sheria ya Utendaji wa Haki wa Kiutawala ya mwaka 2015 ikaeleza namna mahakama inavyoweza kuupitia uamuzi huo.

Ni muhimu kutofautisha rufaa na mapitio. Katika rufaa, mahakama huweza kuuliza kama uamuzi ulikuwa sahihi. Katika mapitio, jaji huuliza kama uamuzi ulifikiwa kwa njia sahihi: je, afisa alikuwa na mamlaka aliyoyatumia? Je, alimsikiliza mwombaji? Je, alizingatia yale aliyopaswa kuyazingatia na kuyaacha yasiyohusika? Je, alitoa sababu, na je, mtu mwenye akili timamu angeweza kufikia uamuzi huo? Mwanafunzi wa fasihi hatatatizika kuelewa tofauti hii. Mhakiki haiandiki upya riwaya asiyoipenda. Huuliza kama usomaji fulani unaungwa mkono na matini. Jaji wa mapitio hampi mtu hifadhi. Huuliza kama usomaji wa afisa unaungwa mkono na kile mwombaji alichosema. Ndiyo maana matini yenyewe ina uzito mkubwa.

Kesi iliyoweka msingi wa uchunguzi wa namna hii katika nchi zinazofuata sheria za Kiingereza inaihusu Afrika Mashariki moja kwa moja, ingawa inajulikana kwa jina la Mturuki, Bugdaycay. Iliamuliwa na mahakama ya juu ya Mabwana huko London mwaka 1987. Miongoni mwa waliokuwa mbele ya mahakama hiyo ni Mganda mmoja aliyefika Uingereza kutoka Kenya. Wizara ilikataa ombi lake, ikasema arudishwe Kenya alikotoka. Yeye alihofia kwamba Kenya ingemkabidhi kwa Uganda, na palikuwa na ushahidi kwamba Kenya ilikuwa imewahi kuwarudisha Waganda waliokimbia. Waziri hakuwa ameupima ushahidi huo. Majaji waliutengua uamuzi wake, na Lord Bridge akaeleza kwamba uamuzi unaoweza kuuhatarisha uhai wa mtu unastahili kuchunguzwa kwa makini kuliko uamuzi mwingine wowote. Hivyo basi, kanuni inayonukuliwa hadi leo katika kesi za wakimbizi ilizaliwa kwa sababu mtu mmoja aliiogopa Nairobi.

Kesi ya pili inawahusu walimu. Mwalimu mmoja kutoka Zaire, anayetajwa katika kumbukumbu za mahakama kwa herufi M tu, aliomba hifadhi Uingereza mwaka 1990 akakataliwa. Tarehe 1 Mei 1991, wakati mawakili wake wangali wanaomba mapitio, alipakiwa kwenye ndege. Usiku huo jaji aliamuru arudishwe. Waziri wa Mambo ya Ndani, Kenneth Baker, hakutii. Mwaka 1993 mahakama ya Mabwana iliamua kwamba waziri alikuwa amedharau mahakama, na kwamba serikali nayo inabanwa na amri za jaji. Ulikuwa ushindi mkubwa wa sheria. Lakini mwalimu alikuwa amekwisha kufikishwa Kinshasa.

Kenya nayo imeonyesha kwamba majaji wake wanaweza kusimama imara. Serikali ilipotangaza mwishoni mwa mwaka 2012 kwamba wakimbizi wote wa mijini wahamishiwe kambini, Kituo Cha Sheria na wakimbizi kadhaa walikwenda Mahakama Kuu, na Julai 2013 Jaji David Majanja akaifuta amri hiyo kwa kukiuka haki kadhaa, ikiwamo haki ya utendaji wa haki wa kiutawala. Tatizo basi si kwamba majaji hawana ujasiri. Tatizo ni kile kinachofika mezani pao.

Mahali neno linapopotea

Na ichukuliwe kwamba kijana wa kubuni kutoka Tarime anahojiwa na afisa Mkenya. Wote wawili wanajua Kiswahili. Kwa hiyo hakuna anayeona haja ya mkalimani. Kijana anasimulia kwa Kiswahili, afisa anaandika kwa Kiingereza. Kijana anasema: "Balozi ndiye aliyenitaja." Kwa Mkenya, balozi ni mwakilishi wa nchi katika nchi ya kigeni. Afisa anaandika hivyo, na moyoni anashangaa ni balozi gani huyo anayemjua mwendesha bodaboda. Kwa Mtanzania, balozi ni balozi wa nyumba kumi, kiongozi wa shina la chama tawala, jirani anayejua nani alilala nyumbani na nani hakulala. Sentensi hiyo moja ndiyo kiini cha ombi zima, kwa maana inaonyesha kwamba chama kilijua msimamo wa kijana. Katika faili inasomeka kama uongo wa kitoto.

Kijana anaendelea: "Walikuja watu wasiojulikana." Afisa anaandika kwamba mwombaji hawajui waliomfuata. Kisha, katika sababu za kukataa, anaeleza kwamba mwombaji ameshindwa kuonyesha uhusiano kati ya waliomvamia na dola. Yawezekana walikuwa wezi wa ng'ombe. Lakini mtu aliyeyafuata mambo ya Tanzania tangu Tundu Lissu alipopigwa risasi Dodoma mwezi Septemba 2017 anafahamu kwamba "watu wasiojulikana" si maelezo ya kutojua. Ni msemo wenye maana yake ya kisiasa, unaotamkwa kwa tahadhari na mtu anayehofia kusema anachokijua. Mwanafunzi wa semantiki angeweza kuandika kurasa kumi juu ya msemo huo. Katika faili umegeuka kuwa upungufu wa ushahidi.

Kijana anasema ndugu yake alikamatwa saa mbili usiku. Katika mahojiano ya pili anaeleza kwamba huyo ni mtoto wa baba yake mdogo. Faili sasa ina ndugu wa tumbo moja katika ukurasa mmoja na binamu katika ukurasa mwingine. Pengine hata hakuwa wa ukoo, bali mwenzake chamani, maana Watanzania huitana ndugu katika siasa pia. Na ile saa mbili usiku, endapo mwandishi ana haraka, huandikwa kama saa nane ya usiku wa manane, kwa kufuata tarakimu badala ya majira. Mwombaji anaonekana amejipinga mara mbili. Neno linalotumika katika maamuzi ya namna hii ni kwamba mwombaji "hasadikiki".

Ugumu unazidi pale mwombaji anapozungumza Kikuria nyumbani na Kiswahili akakijulia shuleni. Wengine hutafsiri mara mbili: kutoka Kikuria kwenda Kiswahili kichwani mwao, kisha afisa anatoka Kiswahili kwenda Kiingereza kwenye karatasi. Kisichosemwa katika masimulizi hayo ni kikubwa kuliko kinachosemwa. Mtu aliyeteswa hasimulii kwa mpangilio wa vitushi kama unavyofundishwa darasani. Huanzia katikati, hurudi nyuma, huruka. Msomaji wa riwaya za Euphrase Kezilahabi hangeshangazwa na usimulizi huo. Afisa mwenye fomu ya kujaza hushangaa.

Ngazi ya lugha

Jambo la kutafakariwa zaidi ni hili. Kehancha kuna mahakama ya hakimu. Ikiwa kijana atashtakiwa kwa kuwa nchini kinyume cha sheria, aweza kujitetea hapo kwa Kiswahili, kwa kuwa sheria inasema lugha ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili. Lakini hakimu wa Kehancha hana uwezo wa kuupitia uamuzi wa Kamishna. Kazi hiyo ni ya Mahakama Kuu, na sheria hiyohiyo inasema lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza. Mapitio yenyewe, kwa kawaida, huendeshwa kwa hati za kiapo, wala si kwa mashahidi kusimama kizimbani. Hati hizo huandikwa na wakili kwa Kiingereza, nazo hutegemea mahojiano yaliyoandikwa na afisa kwa Kiingereza. Hivyo, kadiri kesi inavyopanda ngazi, ndivyo Kiswahili kinavyoachwa chini. Mahali ambapo jaji ana uwezo wa kuokoa uhai, sauti yenyewe ya mwenye uhai haifiki.

Madhara yake ni makubwa kuliko usumbufu wa tafsiri. Ilielezwa hapo juu kwamba jaji wa mapitio hachunguzi ukweli upya; huchunguza kama afisa aliutendea haki ushahidi uliokuwa mbele yake. Sasa, ikiwa "balozi" limekwisha kugeuzwa ndani ya faili, afisa anaonekana ameutendea haki ushahidi. Uamuzi wake unaafikiana kabisa na faili. Kosa limejificha ndani ya matini ambayo jaji anaitumia kama kipimo. Mapitio yaweza kugundua uamuzi uliokwenda kinyume na kumbukumbu; hayawezi kugundua kumbukumbu iliyokwenda kinyume na mtu.

Yote haya hutokea katika nchi ambayo Kifungu cha 7 cha Katiba yake kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Tanzania ilibadilisha sheria mwaka 2021 na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Hatua hiyo inastahili pongezi, ijapokuwa kwa mkimbizi aliye Tanzania haitoshi, kwani sheria ya huko humwelekeza aliyenyimwa hifadhi kwa waziri. Kenya ina jaji bila lugha. Tanzania ina lugha, lakini njia ya kumfikia jaji ni nyembamba.

Hoja za wanaopinga

Wapo watakaosema kwamba mahakama zimelemewa na kesi, na kwamba kila anayekataliwa akipewa nafasi ya mapitio marefu, mwisho hautakuwapo. Hoja hii ina uzito. Hata hivyo, ucheleweshaji mwingi hutokana na faili mbovu. Mahojiano yaliyorekodiwa vizuri hupunguza mabishano, na hata humsaidia afisa aliyeamua kwa haki kuutetea uamuzi wake haraka.

Wengine watasema kwamba wadanganyifu ni wengi, na kwamba mpakani mtu hujifanya mkimbizi ilhali anatafuta kazi au anakimbia kesi ya wizi wa mifugo. Ni kweli kwamba waongo wapo. Lakini rekodi ya maneno halisi haimpendelei mkweli peke yake. Mwongo naye hunaswa kwa maneno yake mwenyewe, na hawezi tena kusingizia tafsiri. Anayehofia wadanganyifu ndiye aliyepaswa kuwa wa kwanza kudai rekodi hiyo.

Hoja ya tatu ndiyo ngumu zaidi. Serikali husema kwamba usalama wa taifa na ujirani mwema havipaswi kuwekwa mikononi mwa majaji. Jibu lake limo katika matukio. Mwezi Oktoba 2024 raia wanne wa Uturuki waliokuwa wamekwisha kutambuliwa kuwa wakimbizi walichukuliwa Nairobi na kurejeshwa Uturuki, na Wizara ya Mambo ya Nje ya Kenya ikathibitisha siku chache baadaye kwamba walirejeshwa kwa ombi la serikali ya nchi yao. Mwezi uliofuata Kizza Besigye alichukuliwa Nairobi, akajikuta mbele ya mahakama ya kijeshi Kampala. Ujirani mwema unaolipwa kwa watu ulikuwako mwaka 1983, na umerudi. Iwapo jaji hapaswi kuuliza maswali pale serikali mbili zinapokubaliana juu ya mtu mmoja, basi hakuna mwingine wa kuyauliza.

Yanayopaswa kufanywa

Mambo manne yangeweza kufanywa bila kungoja katiba mpya. Kwanza, mahojiano ya mwombaji hifadhi yarekodiwe kwa sauti katika lugha anayoizungumza, na rekodi hiyo iwe sehemu ya kumbukumbu zinazopelekwa Mahakama Kuu. Pale panapokuwa na ubishi juu ya neno, neno lenyewe lisikilizwe.

Pili, barua ya kukataa itolewe pia kwa Kiswahili, pamoja na sababu zake zote. Siku 30 za rufaa ni chache mno kwa mtu anayebeba mfukoni karatasi asiyoweza kuisoma. Sababu ambazo mtu hazielewi hawezi kuzipinga, na haki ya kupewa sababu haikuandikwa katika Katiba kwa ajili ya mawakili peke yao.

Tatu, mtu aliyeomba mapitio asiondolewe nchini kabla jaji hajasema. Kesi ya mwalimu wa Zaire inafundisha kwamba ushindi unaopatikana baada ya ndege kuruka huingia vitabuni, lakini haumfai aliyekuwa ndani ya ndege.

Nne, na hili linaelekezwa kwa wasomaji wa jarida hili, idara za Kiswahili za vyuo vikuu vya Afrika Mashariki zianzishe mafunzo ya ukalimani wa kisheria, na vyama vya wanafunzi viandae orodha ya istilahi zinazotofautiana kati ya Kiswahili cha Kenya, cha Tanzania, cha Uganda na cha Kongo mashariki. Kwa miaka mingi makongamano yamejadili usanifishaji, yakizihesabu tofauti hizo kuwa kero ya kuondolewa. Mbele ya afisa wa wakimbizi, tofauti hizo ni ushahidi. Mtu anayesema "balozi" kwa maana ya kiongozi wa nyumba kumi ameonyesha, bila kujua, kwamba kweli anatoka anakosema anatoka.

Hakuna haja ya kungoja fedha kutoka nje. Wanafunzi wa isimujamii hutafuta kila mwaka mada za tasnifu, na wengi huishia kurudia kuchanganua lugha ya matangazo ya biashara. Mada ya namna Kiswahili kinavyobebwa kutoka kinywa cha mkimbizi hadi meza ya jaji iko wazi. Kesi za Mahakama Kuu ya Kenya zinapatikana bure kwa yeyote anayetaka kuzisoma.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba mapitio ya kimahakama ni ngao ya mwisho ya mtu anayekimbia kwa sababu ya maoni yake ya kisiasa. Kwamba ngao hiyo imewahi kuwakinga watu, tangu Mganda aliyeiogopa Kenya hadi wakimbizi wa mijini wa mwaka 2013. Na kwamba hutobolewa mapema, katika chumba cha mahojiano, pale neno linapoandikwa kwa maana nyingine. Wanasheria wamefanya sehemu yao ya kazi, na wataendelea kuifanya. Sehemu iliyobaki ni ya watu wa lugha.

Kule Kehancha, shangazi hahitaji mkalimani. Kijana akisema "balozi alinitaja", anaelewa mara moja, anafunga mlango na kuzima taa. Sheria haiwezi kuwa shangazi, na haitakiwi iwe. Inatakiwa isikie kile shangazi alichosikia, kisha iamue.